Karibu, Nyumba Yetu ni Chafu

Kwa miaka thelathini na nane Wakui Tamotsu alisimama mlangoni mwa nyumba yake ya wageni akiitukana. Aliitukana kwa adabu, mikono imelala mapajani, kiuno kimekunjwa mpaka kipara chake kinawatazama wageni usoni. "Karibuni sana. Nyumba yetu ni chafu na finyu, chakula chetu hakina maana, lakini tafadhali piteni." Wageni waliopanda mlima kuja kuloweka viungo vyao kwenye maji ya moto ya Yunokura, huko Japani, waliujua wimbo huo na kiitikio chake. "La, la, la! Nyumba nzuri namna hii!" Hapo Wakui aliinama tena, chini zaidi, wageni nao wakainama, na kila mtu akaingia ndani ameridhika. Nyumba yenyewe ilipigwa deki mara mbili kwa siku, na mara ya tatu ikinyesha.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakui aliishika kanuni hiyo akaizidisha, akawa kila alicho nacho kizuri anakivalisha matambara kabla hajakitoa nje. Akimpelekea jirani tikiti tamu kuliko yote shambani, alisema, "Nimekuletea kitu cha ovyo." Juu ya kipara chake alisema kwamba ndiyo taa pekee ya barabarani ambayo halmashauri hailipii umeme. Juu ya akili zake alisema marehemu baba yake alimrithisha nyumba kwa sababu nyumba ndiyo mali pekee isiyoweza kumkimbia. Mkewe, Sumie, alimtambulisha kwa watu kama "huyu kizee changu kisicho na haya," na Sumie, ambaye hakuwa mtu wa kuachia deni la maneno, aliinama taratibu akasema, "Na huyu ni adhabu yangu. Bado nauliza nilikosa nini."

Binti yao wa pekee alikuwa na wimbo wake pia. "Huyu ni Chigusa wetu. Mjinga, hajui lolote."

Chigusa alikuwa na miaka thelathini na minne. Alirudi nyumbani miaka sita nyuma, mama yake alipovunjika kifundo cha mkono, akashika jiko kwa muda, na ule muda haukuisha. Tangu hapo wageni walianza kupiga simu kuulizia mchuzi wake wa majimbi kabla ya kuulizia maji ya moto. Wakui alilijua hilo vizuri sana. Mara nyingi alijificha stoo na bakuli la makombo, akala amesimama, macho amefumba. Lakini kumwambia? Afadhali atembee sokoni bila suruali.

Mwezi wa kumi, majani yalipoanza kuiva mekundu mlimani, ilikuja barua. Hoteli moja kubwa ya mjini Sendai, ambayo mpishi wake mkuu alikuwa amelala pale Yunokura wakati wa kiangazi, ilimtaka Chigusa awe msaidizi wa mpishi huyo. Alitakiwa atoe jibu kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Wakui aliikuta barua juu ya friji, akaisoma, akairudisha, akaisoma tena, kisha akasema kwa sauti ya kusikika jiko zima, "Sendai? Watamrudisha wiki haijaisha, pamoja na bili ya sahani alizovunja!"

Chigusa alikuwa anakata figili. Figili iliendelea kukatika.

Moyoni Wakui alikuwa ameshikwa na hofu ya wazi kabisa. Chigusa akiondoka, nyumba ingebaki na yeye, kipara chake, kifundo kibovu cha Sumie na mayai ya kuchemsha. Hakuna mtu anayepanda mlima kwa ajili ya mayai ya kuchemsha. Wangefunga kabla ya theluji kuyeyuka.

Basi ni katika wiki hiyohiyo, Ijumaa, alipokuja mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo. Umoja wa nyumba za wageni ulikuwa umewaambia wajiandae, ukampa kila mwenye nyumba kimashine cha kutafsiri, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachojua lugha sabini. Wakui alijiandaa mpaka akapitiliza. Wiki nzima alimwomba Sumie chumvi kwa Kifaransa. Tena alichora tangazo kwa mkono wake, akalibandika ukutani karibu na choo: mtu mwenye pua ndefu amesahau kuvua ndara za chooni, ameingia nazo chumba cha chakula, na watu wote waliomzunguka wanalia.

"Hao wanaolia ni kina nani?" Sumie aliuliza.

"Ni sisi."

"Mbona mmoja amezimia?"

"Huyo ni wewe."

Basi la saa tisa lilimshusha mwanamke mnene wa miaka kama sitini na tano, kitambaa cha kijani kichwani, akiburuta sanduku lililopungukiwa gurudumu moja. Jina lake Lamara. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Jojia, kule kwenye milima ya Kaukazi. Miaka arobaini alikuwa amewafundisha watoto wa watu habari za Japani bila kuiona, na sasa alikuwa ndani yake siku ya tatu, peke yake, na daftari la kuandika kila alichokutana nacho.

Wakui akakunja kiuno akaanza wimbo wake, kimashine mkononi. Kimashine kikasema kwa sauti ya binti mpole, "Sikusikia vizuri. Tafadhali sema tena, kwa sauti na taratibu." Bila shaka hakikusikia, mzee alikuwa anaongea na sakafu. Ikabidi anyooke. Kuitukana nyumba yako shingo ikiwa wima si jambo zuri, lakini alijikaza. "Nyumba yetu ni chafu na finyu. Chakula cha maana hakuna. Tafadhali ingia."

Kimashine kikatema maneno. Tabasamu la Lamara likapotea. Aliangalia sakafu, akaangalia dari, akapitisha kidole juu ya kizingiti cha mlango, akakitazama kidole. Kisha akasema neno moja, na kimashine kikaligeuza: "Wapi?"

"Samahani?"

"Chafu wapi?"

Katika miaka thelathini na nane hakuna aliyewahi kumwuliza wapi. Wakui aligeuka akaiangalia nyumba yake iliyokuwa inang'aa, akitafuta hata utando mmoja wa buibui wa kumwokoa.

"Kwa... kwa ujumla," akasema.

Lamara akamwekea mkono begani kwa huruma. "Usijali, bwana. Kesho asubuhi nitakusaidia kufagia."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu alikuwa anaomba jembe hata viatu hajavua. Sumie, aliyekuwa nyuma ya mlango wa karatasi, alijiziba mdomo kwa aproni.

Chakula kilikuwa saa kumi na mbili jioni. Chigusa alipanga vyombo kumi na vinne: samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, uyoga wa mlimani, achari ya figili, tofu laini ya maharage ya soya, wali mpya wa mwaka ule, na katikati ule mchuzi wa majimbi ukitoa moshi. Wakui akapiga magoti, akasema yale ambayo baba yake na babu yake walisema mbele ya kila meza. "Hakuna kitu, lakini tafadhali kula."

Lamara akasikiliza kimashine. Akaangalia vyombo kumi na vinne, akamwangalia mzee. Hakuuliza tena wapi. Alifungua mkoba wake, akatoa mkate na kipande cha jibini kilichofungwa kwa kitambaa, akaugawa mkate katikati, akampa Wakui nusu.

"Kula, ndugu yangu. Hata kwetu tumeiona miaka ya shida."

Sasa mtu atakataaje mkate wa mgeni? Wakui akaula. Alipiga magoti mbele ya vyombo kumi na vinne akatafuna mkate wa siku tatu na jibini yenye harufu ya mbuzi aliyenyeshewa, huku machozi yakimtoka, na Lamara akiyaona machozi yale alimwongezea jibini.

Ni harufu ya mchuzi iliyomkomboa. Lamara alichukua kijiko akaonja, kwa udadisi tu. Akaonja jimbi, kisha akamla samaki mpaka mifupa. Akafumba macho kama Wakui anavyofumba stoo.

"Nani amepika hiki?"

Chigusa akaitwa, akaja akijifuta mikono, akapiga magoti pembeni ya baba yake. Na Wakui, ambaye jibini ilikuwa bado imemkaba, akafungua mdomo na mdomo ukajisemea wenyewe. "Huyu ni binti yangu. Mjinga, hajui lolote."

Lamara akaweka kijiko chini. "Rudia."

Wakui alidhani kimashine kimekosea. Akarudia, kwa sauti na taratibu.

Mwalimu akasimama, magoti yakilia kama milango mikuukuu, akamgeukia Chigusa. "Mwanangu, huyu ni baba yako?"

"Ndiye."

"Anakutukana hivi kila siku?"

Wimbo ulimtaka Chigusa acheke aseme baba amenena kweli. Kweli alitabasamu. Alifungua mdomo, tabasamu likakwama katikati, akaangalia mikono yake.

"Kila mgeni akija," akasema. "Tangu nikiwa mdogo."

Akainama, akachukua sahani ya samaki iliyobaki mifupa, akarudi jikoni.

Wakui alisema ana haja, akakimbilia chooni. Hakuwa na haja yoyote. Alisimama mle ndani akijiambia kwamba ilikuwa utani, kwamba Chigusa siku zote ana utani mkavu kama mama yake, kwamba wageni hawa hawaelewi adabu. Alipoona amekaa muda ambao hata mwenye tumbo bovu hakai, akatoka, akarudi chumba cha chakula na heshima yake yote, akasimama juu ya majamvi.

Lamara akaangalia miguu ya mzee. Akaangalia, kupitia mlango ulioachwa wazi, tangazo la ukutani karibu na choo. Akaangalia tena miguu.

Alikuwa amevaa ndara za chooni. Zile za plastiki ya kijani, zilizoandikwa CHOO kwa herufi kubwa hapa mbele ya vidole, ili hata mlevi asikosee. Miaka thelathini na nane hajawahi, hata siku ya harusi yake, hata siku ya tetemeko. Alilichora tangazo lile kwa ajili ya mataifa yote ya dunia, na wa kwanza kulihitaji ni yeye. Lamara alicheka mpaka akakaa chini. Sumie akatokeza kichwa, akaona, akasema, "Nizimie sasa hivi au nisubiri?"

Mgeni alipokwenda kuoga, Wakui alimfuata mkewe kwenye sinki. Yeye anaosha, Sumie anafuta, kwa sababu ya kile kifundo.

"Umemsikia Chigusa?" akauliza.

"Nimemsikia."

"Alikuwa anatania."

Sumie akafuta sahani moja kwa muda mrefu. "Baba Chigusa, unajua kwa nini hajawajibu watu wa Sendai?"

"Hataki kwenda."

"Anataka mpaka hapati usingizi. Nilimwuliza juzi. Akaniambia, 'Mama, watu wale wamekula kwetu siku moja tu. Baba ananijua tangu nizaliwe, na Baba anasema sijui kitu.'"

"Lakini ile ni adabu tu! Kila mtu anasema hivyo!"

"Mimi najua ni adabu. Negishi muuza tofu anajua. Basi la saa tisa linajua. Yeye umemwambia lini?"

Wakui alisimama na sifongo mkononi, maji yakimiminika bure. Alikumbuka Chigusa akiwa na miaka tisa, ameshinda mashindano ya mwandiko wa brashi ya mkoa mzima kwa kuandika neno moja tu, *maji*. Mwalimu wake alikuja mpaka nyumbani kumpongeza, na yeye Wakui alikunja kiuno akasema, "Amebahatisha, mwalimu, huyu hana akili," mtoto akiwa pale pale amekumbatia fremu yake. Kesho yake fremu ile haikuonekana ukutani wala popote. Na baba mtu alifurahi! Alimwambia Sumie, tazama mtoto alivyolelewa vizuri, hata kujionyesha hajui. Alijisifu kwa hilo wiki nzima, moyoni, yeye bingwa wa kutojisifu.

Alijiona mpumbavu, na safari hii hakuwa anaimba wimbo.

Tena palikuwa na jambo baya zaidi, akaliona wazi kama mifupa ya samaki kwenye sahani. Akinyamaza tu mpaka kesho saa sita, Chigusa atabaki. Hahitaji kumwomba, hahitaji kumzuia. Adabu yake itamfungia binti mlangoni bila yeye kunyoosha kidole. Roho yake ya choyo ikamwambia, nyamaza, mzee, maisha yako yote umesema, kunyamaza siku moja kuna ubaya gani? Na Wakui, ni lazima isemwe, aliisikiliza roho hiyo kwa makini, akaenda nayo kulala.

Asubuhi Lamara aliomba ufagio kweli. Sumie akampa ili amani ipatikane, na mwalimu akafagia ukumbi ambao haukuwa na vumbi, akatoka na jani moja tu, akalionyesha kama ushahidi. Kwenye kifungua kinywa alifungua daftari lake, akakisogeza kimashine, akawasomea mwenye nyumba na mkewe aliyokuwa ameandika juu ya Japani tangu ashuke kwenye ndege.

"Siku ya kwanza. Watu wa hapa wanakuomba radhi kabla hawajakukosea, kwa hiyo unakaa ukisubiri kosa, na haliji. Treni imechelewa dakika moja ikaniomba radhi mara tatu. Marehemu mume wangu alichelewa miaka, hakusema kitu. Siku ya pili. Nimevua viatu mara tisa. Nimepotea, nikamwuliza njia mtu mmoja, akaacha kazi yake akanisindikiza mpaka mlangoni, kisha akaniomba radhi kwa kunisindikiza vibaya. Siku ya tatu." Hapo akavua miwani. "Nimefika kwa mzee mmoja mwenye nyumba safi kuliko hospitali, anasema ni chafu. Ana chakula cha kulisha harusi, anasema hakuna. Ana binti mwenye mikono ya dhahabu, anasema ni mjinga. Sijui kama ni mwongo au ni mgonjwa. Nitachunguza."

Sumie aliitazama supu yake, mabega yakimtikisika.

"Nimekwisha chunguza," Lamara akasema. Akainua kikombe cha chai, akasimama wima kama yuko kwenye karamu. "Kwetu, mgeni akila vizuri husimama akasema. Nyumba hii ni nzuri. Mwenyeji huyu ni mtu mwema, alikula jibini yangu mbovu asinivunje moyo."

"La, la, la," Wakui akadakia, mkono ukipunga mbele ya pua kama anafukuza inzi. "Si kweli hata kidogo!"

Kimashine kikatafsiri. Lamara akashusha kikombe. "Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Hapana! Jamani, hapana!"

"Nimesema nyumba ni nzuri. Ni nzuri au mimi ni mwongo? Chagua."

Wakui akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia dari, ambayo pia ilikuwa safi.

"Ni... si... pengine kwa macho ya mtu mwenye huruma..."

"Sema *ndiyo*. Ukisifiwa, unasema *ndiyo, asante*. Basi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza."

Miaka sitini na tatu Wakui hakuwahi kulijibu neno la sifa kwa *ndiyo*. Alivuta pumzi. Jasho likamtoka kiparani. Alilitoa neno lile kwa shida, ng'ombe anazaa kwa shida ndogo kuliko ile. "Nd... ndiyo."

"Na asante."

"Asante."

Akatazama kushoto na kulia. Paa halikuwa limeanguka. Baba yake hakuwa amefufuka.

Basi la kurudi chini lilikuwa saa nne. Chigusa alibeba sanduku la mgeni mpaka kituoni, kwa sababu ya lile gurudumu, Wakui akafuata na kimashine ili aage. Negishi muuza tofu alikuwapo na baiskeli yake, na vikongwe wawili waliokuwa wanakwenda kliniki. Zilibaki saa mbili kabla ya saa sita. Roho ya choyo ilikuwa bado inampapasa mgongoni: *nyamaza, unaagana na mgeni tu, nyamaza*.

Lamara alimbusu Chigusa mashavu yote mawili, kikongwe mmoja akageuka pembeni kwa aibu. Basi likaonekana linapanda konani. Wakui akainama, kwa mazoea, na akiwa chini pale alijikuta anaangalia viatu vya binti yake. Vilikuwa vile vya jikoni, vya mpira, vilivyochakaa kisigino. Miaka sita alikuwa akisimama ndani yake kwa sababu ya kifundo cha mama yake, na baba yake hajawahi kumwambia hata neno moja la kweli.

Akanong'ona kwenye kimashine, bado ameinama. "Mwambie mgeni... nilisema uwongo juu ya binti yangu."

"Sikusikia vizuri," kimashine kikasema. "Tafadhali sema tena, kwa sauti na taratibu."

Negishi akageuza kichwa. Wakui akanyooka kidogo. "Binti yangu si mjinga. Anajua kupika."

"Sikusikia vizuri. Tafadhali sema tena, kwa sauti na taratibu."

Angeweza kuacha. Mgeni mwenyewe alikuwa keshaweka mguu mmoja kwenye basi, na mtu aliyekuwa anaambiwa maneno yale hakuhitaji kimashine. Kijapani alikifahamu tangu tumboni. Chigusa alikuwa amesimama na sanduku mkononi. Wakui alinyoosha shingo, kipara kikapigwa na jua la saa nne, akapiga kelele mpaka dereva akazima injini.

"BINTI YANGU NI MPISHI HODARI! KULIKO MIMI! KULIKO MAMA YANGU! WATU WANAKUJA KWETU KWA AJILI YAKE, SI KWA AJILI YA MAJI! NAKULA MAKOMBO YAKE STOO! SENDAI WAMEFANYA VIZURI KUMWITA NA WAKIMPATA WANA BAHATI!"

Negishi alikuwa ameachia baiskeli bila kujua, na tofu zilikuwa zinateleza kutoka kwenye ndoo yake taratibu. Kimashine kikatafakari, kikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti yake ileile ya adabu, kikamaliza.

Lamara alimgeukia binti, akainua nyusi kama anavyofanya mwalimu kwa mwanafunzi aliyekaa nyuma kwa muda mrefu. "Mwanangu. Umesifiwa. Unasemaje?"

Mkono wa Chigusa ulikuwa umekwisha panda mbele ya pua, tayari kufukuza inzi. Ukabaki hewani. Ukashuka.

"Ndiyo," akasema. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Asante, Baba."

Alipiga simu Sendai saa tano na dakika kumi. Wakui alikuwa stoo, amesimama na bakuli tupu, akilia bila adabu yoyote.

Hawakufunga. Sumie alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto, na Wakui aligundua kwamba mayai yaliyochemshwa ndani ya chemchemi yenyewe wageni wa ng'ambo huyapiga picha. Mlangoni bado anakunja kiuno, lakini ameacha kuitukana nyumba. Husema, "Karibu, ni safi, nimeipiga deki mwenyewe," na wageni wa zamani wakisikia hivyo huangaliana wakidhani mzee ameanza kupoteza akili.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa mpaka madirishani, simu ililia. Alikuwa yule mpishi mkuu wa Sendai, mtu mzima, mwenye sauti nzito na heshima nyingi. Alisema anamshukuru mzazi. Alisema katika miaka thelathini ya kazi yake hajapata kufanya kazi na mikono kama ya Bi Chigusa, na kwamba amelelewa vizuri sana.

"La, la, la," Wakui alianza, kiuno kikijikunja chenyewe mbele ya simu, "yule ni mj..."

Akanyooka.

"Ndiyo," akasema. "Asante. Ni kweli."

Mpishi mkuu alikuwa amekwisha tayarisha kiitikio chake, na sasa hakuwa na pa kukiweka. Akaaga kwa haraka, akakata.

Sumie alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkono wa kushoto. "Alitaka nini? Mbona amekata hivyo?"

"Amemsifu Chigusa."

"Ukamwambia nini?"

"Nimekubali."

Sumie akashusha mwiko. "Baba Chigusa, atadhani binti wa watu kalelewa na mzee asiye na adabu."

"Na adhani," Wakui akasema, akaketi chini kando ya simu.